Nilivyoikamilisha zahanati ya diwani wetu kwa kalamu, mpaka nesi akaja na godoro lake

Wakuu, heri ya mchana huu. Waliotangulia kuzaliwa wapokee shikamoo zao, tuliobaki tupeane mikono.

Nataka kueleza jambo lililonipata hapa Songea. Nitalieleza lilivyokuwa, pamoja na sehemu zinazonionyesha mjinga. Sehemu hizo ni nyingi, kwa hiyo mtajua sijaficha kitu.

Kata sitaitaja. Halmashauri pia sitasema ni ipi. Diwani nitamwita Mheshimiwa, maana ndivyo anavyojiita mwenyewe akipiga simu: "Mheshimiwa hapa."

Mods, huu si uzi wa siasa. Ni uzi wa uandishi. Naomba usihamishwe.

Nianze na mimi. Nimevuka hamsini kidogo. Nina shahada ya fasihi, na kwa miaka mingi nilikuwa Dar nikihariri vitabu vya watu wengine, jina langu likitokea ukurasa wa nyuma kwa herufi za kusomwa na sisimizi. Kisha nikarudi nyumbani kulima mahindi na kuandika makala. Mahindi yananunuliwa. Makala zinasifiwa.

Shahada yenyewe mke wangu, Mama Deo, ameitundika sebuleni juu ya kochi, ili mgeni akinikuta nimekaa tu saa nne asubuhi ajue kuna sababu.

Sasa Mheshimiwa.

Alianza na mashine ya kusaga. Upande wetu wote tulipeleka mahindi kwake, na alikuwa na kipaji kimoja ambacho sijakiona kwa mtu mwingine: hasahau. Ukifika na debe lako anakuuliza mama anaendeleaje na ule mguu. Mguu wa kulia, anautaja. Kwa mguu huo akawa mwenyekiti wa mtaa, na kwa miguu mingine ya aina hiyo akawa diwani. Vipindi viwili.

Nimpe haki yake: msiba haumpiti. Atafika mapema, atakaa na wanaume kwenye viti vya plastiki, atakula ugali na likolo, mboga zetu za majani, kama wengine. Wakati wa salamu ataomba dakika mbili. Dakika hizo huanza na marehemu, zikapita kwenye barabara, zikaishia kwenye maji. Nilikuwepo makaburini alipomuaga bibi mmoja wa mtaani kwetu kwa kusema, "Bibi yetu ametutoka wakati barabara yake ipo kwenye hatua za mwisho."

Bibi alishafika anakokwenda. Barabara bado ipo kwenye hatua za mwisho.

Lakini kilichonifanya nifungue uzi ni zahanati.

Kwa msiojua utaratibu wa huku kwetu: wananchi tunajenga kuta kwa nguvu zetu mpaka usawa wa linta, juu ya madirisha. Halmashauri inakuja kuezeka na kumalizia. Kuta hizo zikiwa bado hazina paa tunaziita boma. Tanzania hii ina maboma mengi, na kila boma lina orodha linayosubiri.

Boma letu lilisimamiwa na Mama Mapunda, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Ni mama wa miaka sitini na kitu, aliyestaafu jikoni kwenye shule ya bweni. Sauti yake imezoea kuwaambia watu mia nne wapange mstari. Aliposema kesho ni msaragambo, kazi ya pamoja ya mtaa, hata sisi wenye shahada tulitoka na majembe.

Alikuwa na sababu. Binti yake alishikwa na uchungu, hospitali ipo mbali, wakapanda bodaboda. Hawakufika. Alijifungulia kando ya barabara, mama yake akimpokea mtoto kwenye kitenge, dereva akiwa amegeukia porini anasali rozari. Mtoto yupo, anakimbia. Lakini Mama Mapunda alisema hataki kupokea mjukuu mwingine kwenye changarawe.

Jambo moja la kushika hapa, ndilo lenye uzito katika habari hii yote. Matofali yetu ni ya kuchoma, lakini tuliyapanga kwa udongo. Ukuta wa udongo bila paa unavumilia msimu mmoja wa mvua. Msimu wa kwanza ulikuta boma liko wazi, na kona ya chumba cha kujifungulia ikaanza kulegea. Wa pili ukilikuta hivyo, tutakuwa tumejenga kichuguu.

Kwa hiyo paa lilitakiwa liwe juu kabla ya mvua za mwisho wa mwaka. Tulikuwa namba tatu kwenye orodha ya bati. Watu walikuwa wametulia.

Mwezi wa tatu, mvua zikiwa bado zinapiga, simu ikaita.

"Mheshimiwa hapa. Msomi, nataka kijitabu."

Alitaka kijitabu cha utumishi wake, tangu mashine ya kusaga mpaka leo. Kura za maoni za chama zilikuwa zinakaribia. Nilienda barazani kwake nikakuta chai na mihogo ya kuchemsha. Nikatoa daftari.

"Andika maji," akasema.

"Maji yamefika, Mheshimiwa?"

"Mabomba yamefika."

"Na barabara?"

"Imepimwa. Andika imepimwa mara mbili."

"Zahanati?"

"Imekamilika, inatoa huduma."

Nikaweka kalamu chini. "Mheshimiwa, jana nimepita pale. Kuna mtu amepanda mahindi ndani."

Hakukasirika. Mheshimiwa hakasiriki, ndiyo siri yake. Alinisogezea sahani ya mihogo.

"Msomi, nisikilize. Paa linakuja mwaka huu, sisi namba tatu. Kijitabu nacho watu wataendelea kukisoma. Sasa wewe uandike haijakamilika, halafu mtu akisome akiwa amekaa ndani ya zahanati. Utakuwa umemdanganya."

Wakuu, hoja hiyo niliitafuta kasoro njia nzima nikirudi nyumbani. Kasoro niliiona, sikuwa mjinga kiasi hicho. Tatizo ni kwamba alikuwa ameniambia pia kwamba jina langu litakaa kwenye jalada. Mbele. Chini ya picha yake, kwa herufi kubwa: mwandishi na mwanazuoni.

Nikaandika.

Na hapa ndipo siwezi kumsingizia mtu. Mheshimiwa aliniagiza maneno matatu tu: imekamilika, inatoa huduma. Mengine niliyatoa mwenyewe. Nanukuu:

"Asubuhi, kabla ukungu haujaiacha milima ya Matogoro, akina mama huketi kwenye mabenchi ya zahanati yetu wakisubiri kuitwa na sauti ya upole ya nesi. Ndani kunanukia rangi mpya. Mzee aliyekuwa akibebwa kwenye baiskeli kwenda mbali kutafuta kidonge, leo anatembea kwa miguu yake na kurudi kabla chai haijapoa."

Mabenchi niliyaweka mimi. Rangi niliipaka mimi. Sauti ya upole ya nesi hakuna aliyeniomba. Nilipomaliza sentensi ya mzee na chai nilisimama nikazunguka chumba, nimefurahi, nikasema moyoni kwamba kumbe bado nipo.

Picha tuliipiga wote wawili. Mheshimiwa alisimama mbele ya ukuta akanielekeza: "Kuanzia madirishani kushuka chini, Msomi. Usipande." Sikupanda. Mahindi yalichungulia kwenye dirisha moja, kwenye karatasi yakatoka kama maua ya kupamba.

Kijitabu kikatoka. Mama Deo alikisoma akiwa amesimama, akakirudisha mezani.

"Zahanati hii iko wapi? Nina kiuno kinaniuma."

"Inakuja."

"Humu umeandika imekuja."

Mama Mapunda hakusoma, miwani yake ilikuwa imevunjika. Alisomewa kanisani, baada ya misa, na aliyemsomea akarudia ile sehemu ya mabenchi mara mbili kwa uzuri wake. Alinisubiri getini.

"Baba Deo, umeandika kuta zetu zina paa?"

"Shikamoo mama. Ni lugha ya kijitabu tu. Linakuja, sisi namba tatu."

"Mh," akasema. Hakuitikia hata shikamoo.

Mvua zikakatika. Mahindi yakavunwa, yale ya shambani na yale ya ndani ya zahanati. Mwezi wa sita ukapita na baridi yake, wa saba, wa nane. Bati haikuja. Kila tulipouliza, Mheshimiwa alijibu kwamba mchakato unaendelea vizuri.

Mwezi wa kumi, siku ya jua kali, bodaboda ikasimama nyumbani kwangu. Nyuma amekaa binti amevaa hijabu, begi mapajani, ndoo mkononi, na godoro limefungwa kwa kamba nyuma yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Ahsante. Naitwa Zuhura, ni nesi. Kwetu Nakapanya, Tunduru. Nina barua ya kupangiwa zahanati ya hapa. Nimeelekezwa kwako, wamesema wewe ndiye unayeijua vizuri."

"Nani kasema?"

"Kinamama wa pale kwenye kuta zenye mabua ndani."

Nikamkaribisha ndani. Mama Deo akaleta maji. Zuhura akakaa kwenye kochi, chini ya shahada yangu, akatoa barua akaifungua magotini. Ni barua ya kweli, ina muhuri.

"Ofisini walinionyesha kijitabu," akasema. "Wakanisomea mpaka penye mabenchi na rangi mpya. Nikasema alhamdulillahi, nimepangiwa pazuri. Mama yangu nikampigia nikamsomea na yeye."

Wakuu, nimewahi kusifiwa makala na watu wazito. Sijawahi kutamani kuzama kwenye kochi kama siku ile.

Na bado sikuwa nimeelewa ukubwa wake. Nilielewa kesho yake, tulipokwenda halmashauri: mimi, Mama Mapunda, na Zuhura na barua yake. Tukapokelewa na afisa mmoja mtu mzima, mpole sana, akatuvutia viti. Akatoa faili la maboma ya mwaka ule. Namba tatu ilikuwepo. Imepigwa mstari, na pembeni kwa mwandiko mzuri: imekamilika, angalia kiambatisho.

Kiambatisho kilikuwa kijitabu. Mheshimiwa alikiambatanisha na taarifa ya kata alipoiwasilisha kwenye baraza la madiwani.

"Bati zilizokuwa zenu zilikwenda kata nyingine tangu mwezi wa saba," afisa akasema. "Mmeshamaliza, mtapewa za nini?"

"Hamkutuma mtu kuja kuangalia?" nikamuuliza. Nilikuwa natafuta wa kugawana naye lawama.

"Huwa tunatuma. Taarifa nyingi zinakuja kavu, mistari miwili, lazima ukahakiki. Hii ilikuwa na maelezo ya kutosha." Akafungua ukurasa, akaweka miwani, akasoma kwa sauti mpaka kwenye chai ya mzee. "Mtu aliyeandika hivi alikuwa ndani ya jengo. Tukaona kutuma gari ni kumsumbua."

Akaniuliza kama namfahamu mwandishi. Nikasema namfahamu kidogo.

Zuhura naye akauliza la kwake, kwa heshima. Akaambiwa kwamba kituo kikithibitika hakipo, nesi hawezi kubaki kwenye kituo ambacho hakipo, atapangiwa kwingine. Lakini kwa sasa, kwenye karatasi, kipo. Afisa alisema hivyo huku anatutazama mmoja mmoja, kama mtu anayetuachia mlango nusu wazi.

Tukatoka. Tulipokaribia stendi, Mama Mapunda akanigeukia.

"Baba Deo, mimi nimebeba mchanga kichwani miezi mitatu. Wewe zahanati yako ilikuchukua muda gani?"

"Jioni mbili, mama."

"Umenishinda," akasema, akaendelea kutembea.

Jioni hiyohiyo kinamama wakaja nyumbani. Hawakupiga kelele, ningefurahi kama wangepiga. Walikuja na mabenchi mawili kutoka kigangoni. Mama Mapunda ndiye aliyezungumza.

"Umetuandikia kuna mabenchi, tumeleta mabenchi. Nesi yupo. Nyumba yenye paa ni hii. Nesi ataanzia hapa sebuleni mpaka tujue la kufanya."

Nilimtazama Mama Deo aniokoe. Tayari alikuwa anakunja zulia.

Ndivyo sebule yangu ilivyogeuka zahanati, wakuu. Mizani ya watoto ikaning'inizwa kwenye boriti ya baraza. Kochi likawa la wajawazito. Ukutani pakahitajika mahali pa bango la kunyonyesha, na msumari uliokuwepo ulikuwa mmoja. Shahada ikafunikwa. Sijaona mtu aliyelalamika, na bango lile linasomwa.

Kuhusu ile sauti ya upole niliyoiandika: Zuhura anaita majina kama kondakta wa basi la Tunduru.

Dawa hakuwa nazo, chanjo hakuwa nazo. Alikuwa na kipimo chake cha presha na mikono yake. Wiki ya pili alimpima jirani yetu mmoja mwenye mimba kubwa, miguu imejaa, akakunja kipimo akamwambia mumewe, "Sasa hivi, baba, si kesho. Hospitali." Wakaenda. Hospitali walisema wangesubiri siku mbili zaidi wasingekuwa na la kumfanyia. Mama amepona na mtoto amepona.

Baada ya hapo ukimwambia mtu wa mtaa wetu kwamba nesi atahamishwa, ulikuwa unatafuta ugomvi.

Mheshimiwa naye akafika. Alianza kwa kupigwa picha akimpima mtoto kwenye mizani. Mtoto alilia kwa namna ambayo ingempa funzo mtu mwingine. Kisha akanivuta nyuma ya nyumba, penye kuni.

"Msomi, tuna tatizo dogo la paa."

"Hatuna paa, Mheshimiwa."

"Ndiyo hilo. Sasa tukisema halikuwepo, nesi anaondoka, na wewe na mimi tunaonekana waongo. Tuseme lilikuwepo, likaezuliwa na upepo. Maafa yana dirisha lake, hayasubiri orodha. Andika barua, nakujua mkono wako. Weka na mti."

"Mti gani?"

"Ulioanguka."

Nitasema jambo la aibu. Kabla hajamaliza, sentensi ilishaanza kichwani mwangu: upepo ulikuja kwanza kama mluzi wa mchungaji... Ilikuwa sentensi nzuri. Nilikuwa tayari najiuliza mti uwe mkaratusi au mkuyu.

Nikasema nitafikiri.

Ilikuwa imebaki kama mwezi mmoja mvua zianze, na mambo yalikuwa hivi: nikiandika upepo, nesi anabaki na paa huenda likaja haraka. Nikiandika kweli, boma linarudi kwenye orodha labda mkiani, na nesi anaondoka. Niliwaeleza kinamama jikoni kwangu, maana sebule haikuwa yangu tena. Nilitegemea waniambie niwe mkweli, nijisikie vizuri.

"Mimi naona upepo," akasema jirani yule aliyepona, mtoto mikononi. Alisema bila kuona haya.

"Hata mimi," akasema Mama Deo. "Ameshadanganya kwa faida ya diwani, adanganye mara moja kwa faida yetu."

Mama Mapunda alikuwa anachambua mboga. "Upepo gani ulioezua zahanati ukaacha nyumba yangu, hatua ishirini? Wakija kuuliza, mimi ndiye nitasimama pale nioneshe mti ulioanguka?"

Wakaanza kubishana. Zuhura, aliyekuwa anaosha mikono mlangoni, akasubiri wapumue.

"Mama zangu, mwisho wa mwezi natakiwa kutuma ripoti ya kituo. Naandika jengo lina vyumba vingapi, nasaini, naweka jina langu. Wallahi siwezi kusaini upepo. Nikisaini leo, kila mwezi nitasaini kingine. Nikihamishwa ni kadari ya Mungu, na hata wakinipeleka mjini, nauli yake mnaijua, si Marekani. Lakini hizo kuta zikianguka, nani atazibeba tena?"

Mtoto mchanga alianza kulia, mama yake akatoka naye nje.

Nikaandika barua. Wakuu, sijawahi kupata shida ya kuandika kama ile. Kila nilipoisoma nilikuta neno zuri limejipenyeza, nikalitoa. Nilianza na kurasa mbili, nikamaliza na mistari mitano:

"Zahanati ya kata yetu haijakamilika. Ina kuta, haina paa, haina milango, haitoi huduma. Maelezo yaliyo kwenye kijitabu niliyatunga mimi, na nilijua si kweli. Kuta ni za udongo na mvua zinakaribia. Tunaomba boma lirudishwe kwenye orodha."

Niliisoma kwenye mkutano wa hadhara, uwanja wa shule, mbele ya Mheshimiwa na wageni kutoka halmashauri. Nilipomaliza nikasema moyoni, sasa leo tutaona.

Mheshimiwa akasimama. Akapiga makofi. Yeye wa kwanza.

"Ndugu wananchi, mmeona wenyewe. Hii ndiyo kata ninayoiongoza. Kata ambayo mtu msomi, mtu mzima, anaweza kusimama mbele yenu akakiri kosa lake bila kuogopa. Mimi kama diwani wenu nimemsamehe."

Watu wakapiga makofi. Na mimi, Mungu ananiona, nilijikuta nimesema ahsante.

Mama Mapunda hakupiga. Aliinua mkono, akasimama kabla ya kuruhusiwa. "Mheshimiwa, picha iliyomo humo mmepiga wawili. Mwenzako amesema la kwake. Wewe ulikuwa unatazama wapi, chini?"

Palichekwa sana. Mheshimiwa naye alicheka, akamuuliza mbele ya watu mjukuu wake anaendeleaje, yule wa barabarani, akamtaja kwa jina. Kura za maoni alipita bila jasho.

Majibu ya halmashauri yalikuja kwa maandishi. Boma limerudi kwenye orodha. Tupo wa mwisho.

Zuhura akahamishiwa kituo cha afya cha mjini. Siku aliyofunga godoro lake, Mama Deo ndiye aliyemshikia kamba. Lakini binti yule hakuondoka mikono mitupu. Aliomba kwa maandishi, kwenye ripoti yake ya kweli, kwamba mtaa wetu uwekwe kwenye huduma ya mkoba, yaani manesi wanaozunguka na vifaa vyao mahali pasipo na kituo. Wakamkubalia, kwa sababu sasa ilijulikana kwamba hapana kituo. Anakuja kila Jumanne na boksi la chanjo, kitu ambacho zahanati yangu ya kwenye karatasi isingekipata, kwani mimi sikukumbuka kukiandika.

Kuta je? Wiki moja kabla ya mvua, Mama Mapunda alitangaza msaragambo. Tulikata nyasi mabondeni siku tatu, tukavika vichwa vya kuta kama wanavyofunikwa wazee baridi ya Juni. Nilibeba mafungu mpaka shingo ikakataa kugeuka. Yeye alikuwa juu ya ngazi akinielekeza, na mara mbili aliniita mwanangu. Sikumuuliza kama amenisamehe, ningeharibu.

Ninapoandika mvua zinapiga. Kona ya chumba cha kujifungulia imeanguka. Tatu zimesimama.

Mwezi uliopita taarifa mpya ya kata ilitoka. Inasema kata yetu ina zahanati moja "iliyoezekwa kwa malighafi asilia" pamoja na kituo kimoja cha huduma ya mkoba "kilichojengwa kwa ubunifu wa Mheshimiwa". Hicho kituo ni sebule yangu. Safari hii imeandikwa na mwalimu mmoja mstaafu. Nimeisoma yote. Imeandikwa vizuri sana, na hilo ndilo linalonitisha.

Nilichojifunza ni kidogo, na kimenigharimu kochi. Wanasiasa tunawasema kila siku humu, na wanastahili. Lakini Mheshimiwa kwa maneno yake asingemdanganya hata afisa mmoja, wamemzoea. Alihitaji mtu anayejua kuweka ukungu mlimani. Sisi wenye mikono mizuri, tunaoandikia watu hotuba na wasifu na kujiambia ni lugha tu, huwa hatuendi kuona nani amekuja na godoro.

Sasa zamu yenu. Kila kata ina taarifa yake. Chukua ya kwenu, tembea mpaka palipotajwa, weka mkono ukutani, inua macho. Halafu rudi hapa utuambie. Usiniandikie vizuri. Niambie tu kama kuna paa.